Umehamia kompyuta mpya na vitu havionekani: dalili, chanzo na dawa

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haikubali rasmi kompyuta isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane karibu zote zimeachwa nje. Kati ya laptopu za mtumba zilizouzwa Nairobi miaka ya karibuni, zile tunazoziita ex-UK, zimo nyingi za kizazi cha sita na cha saba. Ndiyo maana watu wanahama kwa wingi: mhasibu wa Industrial Area, mwalimu wa Kayole, mwenye saiba Githurai, mwanafunzi ambaye tasnifu yake imefika sura ya tatu. Kompyuta mpya inawaka vizuri, kisha mtu anagundua kuna kitu hakikuja.

Chanzo cha matatizo mengi ni kimoja. Vitu vilivyo ndani ya kompyuta ni vya aina tatu, na kila aina ina njia yake ya kuhama. Faili zako hunakiliwa. Programu hazinakiliwi, husakinishwa upya. Nywila, leseni na funguo za siri kwa kawaida havinakiliwi wala kusakinishwa; huhama kwa idhini, yaani kupitia akaunti, au kwa kuzima upande wa zamani na kuwasha upande mpya. Ukikutana na dalili yoyote kati ya zifuatazo, jiulize kwanza kitu kilichokosekana ni cha aina gani. Hapo utakuwa umefika karibu na jibu.

Kuna onyo moja kabla ya yote. Usiiache kompyuta ya zamani iondoke mikononi mwako. Baadhi ya maduka ya Luthuli na Moi Avenue hupokea laptopu ya zamani, unaongeza pesa, unaondoka na nyingine. Hakuna ubaya, lakini si siku hiyo hiyo. Muuzaji akisisitiza uiache leo ili bei ipungue, mwambie diski inabaki nawe. Bei ya diski iliyotumika haiwezi kulingana na hesabu za chama za miaka sita au picha za marehemu mzazi.

Kunakili kunakataa, au kunakwama katikati

Soma ujumbe unaotokea. Usiufunge kwa hasira. Ukiambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele, flashi hiyo imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Video ya harusi au nakala ya akiba ya programu ya hesabu huzidi ukubwa huo kwa urahisi. Iformati flashi kwa exFAT, ukijua kwamba kuformati kunafuta kila kilichomo.

Ukiambiwa jina au njia ya faili ni ndefu mno, Windows kwa kawaida huishia kwenye herufi 260 ukihesabu folda zote zilizotangulia. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiwa na jina kama sentensi, ndiyo hufikisha watu hapo. Sogeza folda hiyo karibu na mwanzo wa diski, au tumia amri ya robocopy, ambayo haina kikwazo hicho.

Robocopy inastahili maelezo zaidi, kwa sababu inatufaa sana hapa kwetu ambapo stima hupotea kazi ikiwa katikati. Ukinakili kwa panya na stima ikakatika, hujui kilichofika ni kipi. Robocopy ukiirudia, inaruka faili zilizokwisha kufika salama na kuendelea na zilizobaki. Fungua dirisha la amri, uandike kwa mfano:

robocopy "C:\Users\Wanjiru" "E:\Zamani" /E /XJ /R:1 /W:1 /DCOPY:DAT

Weka jina la folda yako na herufi ya diski yako. Alama ya /E inachukua folda zote za ndani, hata tupu. /XJ inaizuia isizunguke kwenye njia za mkato za mfumo bila kikomo. /R:1 na /W:1 zinaiambia ising'ang'anie faili mbovu. Ikishindwa ijaribu mara moja tu, kisha isonge mbele. /DCOPY:DAT inahifadhi tarehe za folda. Mwishoni hukuonyesha idadi ya faili zilizoshindwa. Safu hiyo ikisoma sifuri, pumua. Ikiwa na namba, panda juu uone ni zipi.

Kama hakuna kosa lolote ila mwendo ni wa kobe, angalia tundu la USB. Diski ya nje ikichomekwa kwenye tundu la USB 2.0, tarajia takribani MB 30 hadi 40 kwa sekunde, hivyo GB 200 zitakula saa moja na nusu au zaidi. Tundu la USB 3 mara nyingi lina ulimi wa buluu au alama ya SS. Kutuma kila kitu mtandaoni ni polepole zaidi: kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, GB 100 zinahitaji zaidi ya saa 22 mfululizo, tena bando likusaidie. Diski ya nje ndiyo njia ya maana kwa mizigo mikubwa.

Faili zimefika, lakini nusu yake hazifunguki

Ikiwa ulitumia flashi iliyoandikwa TB 1 au TB 2 uliyoipata kwa bei ya kushangaza, hapo ndipo pa kuanzia. Zipo flashi bandia ambazo ndani zina GB 32 au 64 tu, lakini zimebadilishwa ziidanganye Windows kuhusu ukubwa wao. Zinapokea faili bila kulalamika. Zinapojaa, huandika juu ya zilizotangulia au hazihifadhi chochote. Majina yanaonekana, yaliyomo hayapo. Programu ndogo ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, ikakuambia ukweli. Ipime flashi ikiwa tupu kabla ya kuiaminia. Na ikiwa tayari umeitumia, dawa ni ile kompyuta ya zamani ambayo hujaiuza.

Chanzo cha pili ni OneDrive, nacho huwapata watu wengi wasiojua hata kwamba wanaitumia. Kwenye kompyuta nyingi, ulipoingia na akaunti ya Microsoft, folda za Desktop, Documents na Pictures zilihamishiwa ndani ya OneDrive. Faili ambazo hujazifungua muda mrefu huweza kubaki mtandaoni tu, na kwenye diski panabaki jina na alama ya wingu. Ukiitoa diski hiyo na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, majina utayaona yote, lakini ukifungua unapata kosa, mara nyingi lenye namba 0x8007016A. Diski haijaharibika. Faili yenyewe haimo.

Dawa: kwenye kompyuta mpya ingia OneDrive kwa akaunti ile ile, au fungua tovuti yake kwa kivinjari upakue. Kama ya zamani bado inawaka, iunganishe na intaneti, bonyeza kulia folda ya OneDrive, chagua Always keep on this device, usubiri alama zote ziwe tiki ya kijani; kisha nakili. Kumbuka akaunti ya bure ina GB 5 pekee. Aliyejaza nafasi hiyo zamani ana faili mpya ambazo hazikuwahi kupanda mtandaoni; hizo ziko kwenye diski ya zamani peke yake.

Na kabla ya kulia kwamba Desktop ni tupu, tazama sehemu mbili: folda ya Desktop iliyo moja kwa moja ndani ya jina lako, na ile iliyo ndani ya OneDrive. Mara nyingi mtu amenakili ile tupu.

Diski ya zamani inaomba namba ya tarakimu 48

Hiyo ni BitLocker. Diski imefungwa kwa usimbaji, na ikihama kutoka mashine yake inaomba ufunguo wa akiba wa tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita. Si nywila yako ya kuingilia, wala PIN.

Tafuta ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika mara ya kwanza kuiandaa kompyuta ile: ingia kwenye tovuti ya akaunti, sehemu ya vifaa. Hapa kuna mtego wa kwetu. Laptopu nyingi huandaliwa na fundi au muuzaji dukani, naye huweka akaunti yoyote aliyo nayo ili kazi iende. Ufunguo ukawa kwenye akaunti yake. Mpigie. Laptopu ya ofisi, ufunguo uko kwa watu wa TEHAMA wa ofisi hiyo. Usipopatikana popote, hakuna fundi wa River Road wala wa kokote atakayeifungua. Anayekuahidi kuifungua anakula pesa yako.

Ila kama kompyuta ya zamani bado inawaka na unaweza kuingia, huhitaji ufunguo hata kidogo. Nakili ukiwa ndani yake, au zima BitLocker kwenye mipangilio usubiri imalize kufungua diski, kisha ndipo uitoe. Angalia na kompyuta yako mpya pia: toleo la 24H2 la Windows 11 huwasha usimbaji lenyewe kwenye mashine nyingi unapoiandaa kwa akaunti ya Microsoft. Chapisha ufunguo wako leo, uuweke pamoja na hati ya shamba.

Umenyimwa ruhusa ya kufungua folda yako mwenyewe

Diski imetoka kwenye Windows nyingine, na mmiliki wa folda ni akaunti ambayo kompyuta mpya haiijui. Bofya Continue kwa akaunti ya msimamizi usubiri, wakati mwingine dakika kadhaa. Ikikataa, ingia Properties, Security, Advanced, ubadilishe mmiliki awe wewe, na uweke tiki ya kushusha mabadiliko kwa folda zote za ndani. Fanya hivyo kwa folda yako tu, kamwe si kwa folda ya Windows.

Programu imenakiliwa lakini haiwaki

Hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi kuliko pote. Unachukua folda ya programu kutoka Program Files, unaibandika kwenye kompyuta mpya, unabofya, inalalamika kwamba faili fulani ya DLL haipo. Programu inaposakinishwa huandika mambo yake kwenye rejista ya Windows, huweka vipande kwenye folda za mfumo na vingine kwenye AppData, folda iliyofichwa ndani ya jina lako. Kubeba folda yake peke yake ni kama kung'oa mfereji wa jikoni na kuacha mabomba ukutani. Wengine huuliza iliko ile huduma ya Windows 7 ya kuhamisha vitu. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuja nayo, na hata enzi zake haikuhamisha programu. Huduma ya sasa ya Windows ya kuhifadhi nakala hurudisha mipangilio, lakini programu nyingi za kawaida hukurudishia ikoni tu, unasakinisha mwenyewe.

Kwa hiyo pakua kisakinishi kipya kutoka kwa mtengenezaji. Kisha shughulikia data na leseni kila kimoja kivyake.

Data kwanza. Programu za biashara mara nyingi haziweki kazi yako kwenye Documents. QuickBooks ya kompyuta, kwa mfano, kwa kawaida huweka faili ya kampuni kwenye C:\Users\Public\Documents\Intuit. Aliyenakili folda yenye jina lake pekee ameiacha biashara yake nyuma. Fungua programu kwenye kompyuta ya zamani, itumie yenyewe kutengeneza nakala ya akiba, ibebe hiyo faili ya QBB, kisha irudishe ukiwa ndani ya programu mpya. Jua pia kwamba toleo jipya la QuickBooks likishaboresha faili ya kampuni, toleo la zamani haliwezi kuifungua tena. Ikiwa watu watatu ofisini wanatumia faili moja, wote wahame pamoja, na nakala ya kabla ya kuhama iwekwe pembeni bila kuguswa.

Leseni sasa. Office iliyokuja na kompyuta kwa kawaida imefungwa kwa kompyuta ile. Iliyonunuliwa kwa akaunti, au ya kulipia kila mwaka, inahama: ingia kwa akaunti ile ile. Programu zenye kikomo cha mashine, kama za Adobe, zitoke kwanza kwenye kompyuta ya zamani kabla ya kuingia kwenye mpya. Na kama Office ya zamani ilikuwa imeamshwa kwa ujanja wa dukani, haitahama. Nashauri usiitafutie ujanja mwingine, kwa sababu vifaa hivyo vya kuamsha mara nyingi hubeba virusi vinavyoiba nywila. LibreOffice ni ya bure na inatosha barua, ripoti na hesabu za kawaida.

Nywila za kivinjari zimepotea

Umenakili folda nzima ya Chrome, alamisho zimekuja, nywila hazikuja. Nywila hizo zimesimbwa kwa ufunguo uliofungwa na akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile, na tangu 2024 Chrome imeongeza kufuli jingine juu yake. Ni kinga nzuri: mwizi wa faili naye angekwama hapo.

Rudi kwenye ya zamani. Washa usawazishaji kwa akaunti ya Google, au ingia kwenye sehemu ya nywila na uzitoe kama faili ya CSV, uiingize kwenye kivinjari kipya. Faili hiyo ya CSV imeandikwa wazi kabisa, nywila za benki, eCitizen na iTax zikiwa kwenye mstari mmoja na majina yake. Usiitume kwa WhatsApp wala barua pepe, na ukimaliza ifute kote, hata kwenye pipa la takataka na kwenye flashi.

Watumiaji wa Firefox wana nafuu: folda nzima ya wasifu ikinakiliwa Firefox ikiwa imefungwa, nywila huja nayo. Kwa sababu hiyo hiyo mwizi wa folda naye angezipata, basi weka nywila kuu.

Barua pepe za zamani hazipo

Kama akaunti yako inatumia IMAP, njia inayoacha barua kwenye seva, au ni Gmail, subiri tu, zitashuka. Tatizo ni akaunti za POP, ambazo bado zipo kwenye ofisi nyingi ndogo zenye anwani ya kampuni. POP kwa kawaida huishusha barua kwenye kompyuta na, kulingana na mipangilio, kuifuta kwenye seva. Barua za miaka kumi zikawa ndani ya faili moja ya PST kwenye laptopu ya zamani, basi. Funga Outlook, itafute PST kwenye folda ya Outlook Files ndani ya Documents, ama kwenye AppData\Local\Microsoft\Outlook, uinakili, uifungue kwa Outlook ya kawaida kwenye kompyuta mpya. Ukikuta faili ya OST usihangaike nayo. Hiyo ni nakala ya kilicho kwenye seva na hujitengeneza upya.

Fomu ya Excel ya KRA haibonyezeki

Dalili hii hujaa mwezi Juni, siku za mwisho kabla ya tarehe 30. Vitufe vya kuhakiki kwenye fomu ya iTax ni makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili, na tangu 2022 Office huzima makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Kompyuta ya zamani ulikuwa umeshairuhusu, mpya bado. Funga faili, ibonyeze kulia, ingia Properties, weka tiki kwenye Unblock, kisha ifungue tena na uruhusu makro. Fanya hivyo kwa faili uliyoipakua mwenyewe kwenye tovuti ya KRA, si uliyotumiwa na mtu. Kwenye LibreOffice makro hizo hazina uhakika wa kufanya kazi. Tafuta mashine yenye Excel.

Viungo vya Excel, fonti, printa

Kitabu cha Excel kinachovuta namba kutoka kitabu kingine hukumbuka njia yote, pamoja na jina la mtumiaji wa zamani. Jina likibadilika kwenye kompyuta mpya, viungo vinakatika. Virekebishe kwenye Data, Edit Links (matoleo mapya huiita Workbook Links). Kadi za mwaliko na mabango yaliyopangika vizuri yakifunguka yamevurugika, fonti hazikuja: zichukue kwenye C:\Windows\Fonts na kwenye AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts. Printa inahitaji drayva mpya kutoka kwa mtengenezaji wake. WhatsApp ya kompyuta unaiunganisha upya kwa simu, na mazungumzo ya karibuni yanashuka yenyewe.

Kompyuta ya zamani haiwaki kabisa

Kwanza hakikisha si chaja au betri. Ikiwa ubao ndio umekufa, diski mara nyingi ni nzima. Mwombe fundi aitoe mbele yako. Ya inchi 2.5 inahitaji kebo ya SATA kwenda USB. Ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani inahitaji adapta yenye umeme wake wa volti 12, na bila huo haitazunguka. Zile nyembamba za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe, na kasha la moja si lazima liisome nyingine. Kabla ya kununua kasha soma lebo ya diski, au nunua linalokubali zote mbili. MacBook za miaka ya karibuni zina hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao; hapo hakuna cha kutoa, ubao wenyewe lazima ufufuliwe.

Diski ikitoa mlio wa kugonga-gonga, izime papo hapo. Kila dakika inayozunguka inaweza kukwangua kilichobaki. Usijaribu programu za kurejesha faili, usiigonge, usiifungue. Mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data pekee.

Lini kompyuta ya zamani iondoke

Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha fungua faili kadhaa za kila aina, hasa za zamani sana na kubwa sana. Fanya kazi kwenye mpya walau mwezi mzima, ili upitie mshahara, VAT na ripoti za mwisho wa mwezi. Weka nakala ya pili kwenye diski ya nje. Baada ya hapo toka kwenye akaunti zote, zima leseni, na uirudishe Windows mwanzo kwa chaguo la kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Kwenye SSD kilichofutwa hivyo kwa kawaida hakirudi, kwa hiyo usiguse kitufe hicho nakala ya pili ikiwa haijakamilika. Ukiwa umeshika taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde, na kuiuza diski ikiwa bado nazo ni kuzitoa kwa mtu usiyemjua. Diski isiyowaka na usiyoweza kuisafisha, usiiuze. Itoboe kwa drili kabla ya kuitupa.